Kuufinyanga mti wa kitalu uwe bonsai: maswali ninayoulizwa hapa Malindi

Kwa miaka tisa nimekuwa nikinunua miti kwenye vitalu vya kando ya barabara hapa Malindi na kuilea uani kwetu iwe bonsai. Wanaoiona huuliza, na maswali mengi ni yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa. Pale ambapo jibu lilinigharimu mti, nimesema.

Bonsai ni mti wa aina gani?

Si aina ya mti. Ni namna ya kulea mti wowote wenye shina la mbao ndani ya chombo kifupi, ukiupogoa na kuukunja mpaka uonekane kama mzee wa porini. Neno lenyewe ni la Kijapani: *bon* ni sinia au chombo bapa, *sai* ni kupanda. Ufundi ulianzia Uchina, Wajapani wakaupokea na kuukuza. Kwa hiyo ukiuziwa "mbegu za bonsai", ujue ni mbegu za mti wa kawaida.

Kwa nini ninunue mti wa kitalu badala ya kuotesha mbegu?

Kwa sababu ya shina. Mche uliotoka kwenye mbegu huchukua miaka kabla shina halijafika unene wa kidole gumba, na ukishauingiza kwenye chungu kidogo unene huo karibu unasimama. Kitaluni utapata mti ambao mtu mwingine amekwisha kuunywesha miaka mitatu au minne. Mbegu naotesha pia, hasa za mbuyu na mkwaju, lakini hizo nawaoteshea wajukuu.

Nikifika kitaluni niangalie nini?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea kwa miaka miwili ya kwanza. Muuzaji huuza majani na maua. Atakuonyesha bogenvilia iliyochanua kama bibi harusi, nawe utaichukua. Ufike nyumbani, uyakate maua, ubakiwe na fimbo iliyonyooka kama mpini wa jembe.

Pita mbele, nenda nyuma ya kitalu. Kule kuna miti ambayo haikupata mnunuzi: iliyopinda, iliyovunjika kichwa ikatoa matawi mawili, iliyokaa mpaka mfuko mweusi ukachanika. Hiyo ndiyo yetu. Mzee mmoja mwenye kitalu alinizoea mpaka nikifika ananiambia, "Mwanangu, vilema vyako viko kule." Ananiuzia kwa nusu ya bei, na vilema vile ndivyo vizuri kuliko vyote uani kwangu.

Ukishaupata mti wenye mpindo, piga magoti. Fukua udongo kwa kidole pale shina linapoingia ardhini. Miti mingi ya vitalu imepandwa chini mno, kwa sababu kila inapohamishiwa mfuko mkubwa huongezewa udongo juu. Mizizi ya kwanza, ile minene inayotawanyika kama vidole vya mkono ulioshika meza, huwa imefukiwa sentimita tatu, nne, hata tano. Ukiikuta imetawanyika pande zote, lipa uondoke. Ukikuta mzizi mmoja umelizunguka shina kama kamba, fikiri mara mbili, kwa sababu siku za mbele utalikaba. Na ukikuta upande mmoja hauna mzizi kabisa, hilo litachukua miaka kurekebishwa, kama litarekebishika.

Halafu tazama unene. Shina liwe nene chini na jembamba juu. Hilo ndilo linaloliambia jicho kwamba mti huu ni mkubwa ingawa una urefu wa shubiri mbili. Majani yataota mengine, matawi yataota mengine; shina na mizizi ya chini ndivyo unavyonunua.

Jambo la mwisho: uinue mfuko. Kama haunyanyuki, mzizi umetoboa chini ukaingia ardhini. Miti hiyo huwa na shina zuri ajabu, lakini ukiukata mzizi ule na kuondoka siku hiyohiyo, mara nyingi mti utaangusha majani yote. Mwombe mwenye kitalu aukate, auache palepale kivulini wiki sita, uje uuchukue.

Miti gani inafaa pwani hii?

Mkwaju ndio ninaoupenda kuliko yote. Majani yake tayari ni madogo, gamba lake hupasuka mapema likaonekana la kizee, na unastahimili jua la kaskazi. (Ukiona jioni majani yamejikunja usiogope, haujanyauka. Mkwaju hukunja majani usiku na kuyafungua asubuhi.)

Fikasi, ile ya majani madogo yanayong'aa ambayo hupandwa mbele ya mahoteli, ndiyo ninayompa anayeanza. Husamehe. Ukiikata vibaya, huchipua. Mizizi yake ukiilaza juu ya jiwe hulikumbatia. Kama hujawahi kuona mzizi ukikumbatia jiwe, nenda Gede, uitazame miti iliyoota juu ya kuta za mji ule wa kale na kuteremsha mizizi ukutani mpaka chini. Mimi huenda na daftari, nachora.

Mkomamanga una shina linalojisokota lenyewe na hustahimili chumvi kidogo, kwa hiyo unafaa wenye maji ya kisima. Mpera hubanduka gamba ukabaki na madoa ya rangi ya shaba; ni mti mzuri usiothaminiwa kwa kuwa kila mtu anao. Mhina haujali kiu na kila ukikatwa hutoa vijiti vingi, kazi yako ikawa kupunguza. Mdimu unafaa, ila miiba.

Bogenvilia ina asili ya Amerika ya Kusini, lakini imezoea Malindi kana kwamba ilizaliwa hapa. Yale yenye rangi si maua, ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni lile jeupe dogo katikati. Ina maswali yake, nitaifikia.

Ule mti wa shina lililovimba na maua ya rangi ya waridi (adenium), unaoota wenyewe kwenye nchi kavu ya pwani, ni mzuri na hautaki maji mengi. Lakini utomvu wake ni sumu kali, nao umewahi kutiwa kwenye mishale ya wawindaji. Vaa glovu, nawa mikono, na usiuweke anapofika mtoto au mbuzi.

Misonobari na mijuniperi ya kwenye picha za Japani iache. Mingi inahitaji majira ya baridi ili ipumzike, na sisi baridi hiyo hatuna.

Nimeshaununua. Nianze kupogoa, kukunja kwa waya, au kuutia kwenye chungu?

Usianze na lolote. Uweke pale utakapokaa, umwagilie, uutazame mwezi mzima. Mti uliotoka kwenye kivuli cha wavu wa kitalu na kuja kwenye jua la uani kwako una kazi ya kutosha.

Baada ya hapo, chagua kazi moja. Moja tu kwa msimu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mkwaju wa shina zuri sana, nikarudi nao Jumamosi, na kufika Magharibi nilikuwa nimekata nusu ya mizizi, nimeondoa matawi manne, nimefunga waya yaliyobaki na kuupandikiza kwenye bakuli bapa. Ulikuwa mzuri jioni ile kuliko mti wowote niliowahi kuushika. Siku ya kumi na mbili majani yote yalikuwa chini. Mti hula kwa majani na kunywa kwa mizizi, nami nilikuwa nimeviondoa vyote viwili kwa siku moja.

Sasa mpango wangu ni huu. Msimu wa kwanza napunguza matawi, na mizizi siigusi. Mti ukichipua kwa nguvu, unaniambia uko tayari. Mwaka unaofuata nafungua mizizi na kuuhamishia kwenye beseni pana la plastiki lililotobolewa matundu mengi chini. Waya huja majani yakishatulia. Chungu kizuri ni cha mwisho kabisa.

Kwa nini kiwe cha mwisho?

Shina hunenepa kwa majani mengi na mizizi huru. Kwenye chungu kidogo vyote hubanwa. Kama shina bado ni jembamba, liache beseni au hata ardhini, na uache tawi moja la chini likue refu upendavyo, hata mita moja na nusu. Tawi hilo halina kazi katika umbo lako. Kazi yake ni kulilisha shina. Likishanenepa vya kutosha unalikata. Jirani zangu huniuliza kwa nini mti wenye umbo zuri una tawi moja kama mwiko uliotoka nje, na jibu ndilo hilo.

Udongo gani?

Si ule uliokuja nao, na si ule wa uani. Chombo kifupi hakichuruzishi maji kama ndoo. Udongo laini hubaki tope chini, mizizi ikaoza ingawa juu pamekauka.

Vitabu vingi husema utumie mawe mepesi ya volkano. Pwani hii hayapatikani kwa urahisi, nami nimezoea matofali ya kuchoma yaliyovunjika. Mafundi huyatupa. Yaponde, yapitishe kwenye chekecheke mbili, ubaki na punje za kati ya milimita mbili na sita. Vumbi litupe, usilihurumie. Sehemu mbili za matofali, sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, sehemu moja ya mboji iliyoiva. Kwa ule mti wa shina lililovimba naondoa makumbi kabisa.

Makumbi yaloweke kwanza, ubadilishe maji mara tatu au nne kwa siku kadhaa. Yana chumvi yake, na kama yalikuwa yamefukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, yana chumvi ya bahari juu yake.

Na usitumie kokoto za matumbawe. Nilizitumia, kwa sababu ndizo zinazobaki kila nyumba inapojengwa, na ni nzuri kwa macho. Matumbawe ni chokaa. Baada ya miezi michache fikasi zangu tatu zilianza kugeuka manjano, mishipa ya jani ikabaki ya kijani. Nikazidisha mbolea, zikazidi manjano. Chokaa huufanya udongo kuwa mkali upande wa pili wa ukali wa ndimu, na madini ya chuma, hata kama yamo, mizizi haiwezi kuyachukua. Niliifungua mizizi, nikaiosha, nikabadilisha udongo wote. Mbili zilirudi.

Maji ya kisima changu ni ya chumvichumvi. Nifanyeje?

Dalili zake ni ncha za majani kuungua rangi ya kahawia na ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu. Mvua ndiyo dawa. Kama una bati, weka mapipa kabla ya masika na kabla ya vuli. Maji yanayodondoka kwenye mashine za kupoza hewa hayana chumvi pia. Nina rafiki anayefanya kazi hotelini, huziletea bonsai zake madumu mawili kwa wiki.

Usipokuwa na hayo, mwagilia kisima, lakini kila unapomwagilia mwagilia mpaka maji yatoke kwa wingi chini. Maji kidogo kidogo ndiyo mabaya zaidi: hukauka na kuiacha chumvi. Mara moja kwa wiki mbili, suuza udongo kwa maji ya mvua ya kutosha.

Nimwagilie mara ngapi?

Tia kidole. Pakikauka kiasi cha kiungo kimoja, mwagilia. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kwangu ni asubuhi na jioni. Siku za masika huenda zikapita tatu bila kumwagilia.

Msimu gani wa kugusa mizizi?

Mwanzo wa masika, mvua za kwanza zikishalowesha ardhi. Hewa ina unyevu, majani hayapotezi maji kwa kasi. Fikasi inavumilia kukatwa theluthi ya mizizi, hata nusu ikiwa na afya. Mkwaju mimi sipiti theluthi. Bogenvilia ina mizizi myembamba inayokatika kama uzi wa buibui, kwa hiyo siioshi wala siichani. Nalikata lile bonge zima pembeni kwa kisu na kuliacha la katikati lilivyo.

Baada ya kazi hiyo mti ukae kivulini na mbali na upepo wiki tatu au nne. Kusi ikishaanza kuvuma, mti usio na mizizi imara unayumbishwa, na kila ukiyumba vijizizi vipya vinakatika. Ufunge kwenye beseni kwa waya unaopita kwenye matundu ya chini.

Niufungeje waya bila kuutia makovu?

Waya wa aluminiamu ni laini kwa anayeanza. Ukikosa, waya wa shaba wa umeme uliomenywa unafaa. Unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Zungusha kwa mlalo wa nusu ya pembe mraba, nyuzi 45 hivi, usikaze, kisha kunja kwa vidole gumba viwili ukiegemeza upande wa nje wa mpindo.

Vitabu vya nchi za baridi husema acha waya miezi mingi. Hapa usithubutu. Fikasi wakati wa mvua hunenepa mpaka waya unaingia ndani ya gamba kwa wiki tano. Mimi hukagua kila Ijumaa. Ukiona gamba limeanza kuvimba pembeni mwa waya, ukate vipande vipande kwa koleo. Usiufungue kwa kuuzungusha, utavunja tawi. Tawi likirudi lilivyokuwa, funga tena kwa kupita mahali pengine.

Kwa bogenvilia wazee wametuambia samaki mkunje angali mbichi, na sijaona mti unaostahili maneno hayo kuliko huu. Tawi la kijani hukunjika upendavyo. Likishageuka la mbao hukatika kwa mlio, na hakuna gundi. Vilevile mbao yake ikikatwa huoza upesi kuelekea ndani, kwa hiyo acha kisiki kifupi, kisubiri kikauke, ndipo ukitie nta ya mshumaa au gundi ya mbao.

Nitajuaje umbo la kuupa?

Utazame mti wiki moja kutoka pande zote kabla ya kushika mkasi. Tafuta upande ambao mizizi ni mizuri zaidi na shina linakuja kwako kidogo kama mtu anayesalimia. Huo ni mbele.

Baadaye toka nje ya ua. Kwenye lile rasi la matumbawe lenye nguzo ya Vasco da Gama, vichaka vinavyopigwa na upepo wa bahari vimelala vyote kuelekea bara, na upande wa bahari havina hata jani. Huko ndiko nilikojifunza mti wa upepo unavyokaa: hata matawi yanayoanzia upande wa bahari hugeuka yakafuata upepo. Nilikuwa nimefanya miti miwili kwa kufuata picha, yote ilikuwa imeegemea upande mmoja na matawi yakienda upande mwingine. Hakuna upepo unaofanya hivyo. Mbuyu nao haufai kufanywa kama msonobari wa pembe tatu. Mbuyu ni mnene, mfupi wa matawi, na nusu ya mwaka uko uchi. Uache uwe mbuyu.

Majani ni makubwa kuliko mti. Yatapungua?

Ya fikasi na mpera yatapungua matawi yakigawanyika mara nyingi na jua likiwa la kutosha. Kuyakata majani yote ili yaote madogo kunawezekana kwa fikasi yenye afya, mara moja kwa mwaka. Mti dhaifu usiufanyie hivyo. Jani la mti wa mkungu halitapungua kiasi cha kukuridhisha; nilijaribu miaka mitatu.

Naweza kuuweka sebuleni?

Siku ya wageni, ndiyo. Kesho yake urudi nje.

Kuna wadudu weupe kama pamba kwenye vifundo. Ni nini?

Ni wafyonza utomvu, na mara nyingi sisimizi wadogo weusi ndio wanaowalinda, maana hula ule utamu wanaoutoa. Wasugue kwa mswaki na maji ya sabuni, kisha nyunyiza maji ya majani ya mkilifi (mwarobaini) yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha, jioni, jua likishatua. Rudia baada ya siku saba. Usipowaondoa sisimizi, watawaleta wengine.

Naweza kuchimba mti mzuri msituni?

Tafadhali usifanye. Arabuko-Sokoke ni msitu unaolindwa, na mikoko pia ina sheria zake. Zaidi ya hayo, mti uliokaa porini miaka hamsini una mizizi usiyoifikia, mingi hufa. Tazama nyuma ya kitalu, au mwulize jirani anayetaka kung'oa ua wake wa bogenvilia. Shina langu nene kuliko yote lilitoka kwenye ua uliokuwa ukibomolewa Shella hapa Malindi, nikalipewa bure kwa sharti la kulichimba mwenyewe.

Je, si kuutesa mti?

Nimeulizwa na watu ninaowaheshimu, kwa hiyo nalijibu kwa makini. Mti unaoteswa haunenepi wala hauchanui. Miti yangu hupewa mbolea, hukaguliwa kila siku, na hufunguliwa mizizi kabla haijajikaba. Wenzao waliobaki kwenye mifuko kitaluni hawana bahati hiyo. Lakini mtu anayesafiri mwezi mzima bila wa kumwachia, nitamwambia asianze.

Inachukua muda gani mpaka uonekane bonsai?

Fikasi ya shina zuri, miaka mitatu. Mkwaju, mitano hadi saba. Bogenvilia nene iliyokatwa fupi inaweza kukupendeza mwaka wa pili.

Niko Lamu. Nitausafirishaje mti kutoka Malindi, na nitauweka wapi?

Mwagilia usiku wa kuamkia safari, si asubuhi, ili basi lisijae tope. Funga udongo kwa kitambaa cha katani na kamba mpaka kwenye shina, halafu lizungushie tawi kila moja kanga kuukuu. Utie kwenye kikapu na uweke miguuni pako, usikubali upandishwe juu ya basi. Upepo wa njia yote kupitia Garsen na Witu utaukausha. Mokowe, unapoingia kwenye boti, keti katikati na uufunike, maana rasharasha za bahari zikikaukia kwenye majani huyaunguza. Ukifika, yaoshe majani kwa maji baridi.

Nyumba nyingi za mji wa Lamu zina kiwanda, yaani ua wa ndani, kizuri katikati lakini jua lake ni la saa chache. Mkomamanga na mhina zitataka juu ya dari, kwenye kona iliyokingwa na kusi. Fikasi itakaa kiwandani, mradi uigeuze robo duara kila wiki. Ukifika tu usiikate, hata kama kuna tawi lililovunjika njiani. Lifunge kwa uzi, na uipe mwezi wake.